Ushuru wa Upepo: Kejeli ya Siasa ni Uongo, ni Tusi, au ni Kitu Gani?

Jioni moja baada ya Isha, tumekaa barazani Kuze, Mji wa Kale, Ami akaletewa simu aisome. Ami ni mstaafu wa bandarini, na simu huishika mbali na uso, mkono umenyooka, kama aliyeshika kaa asiyejua kama amekufa. Lilikuwa tangazo. Juu lina nembo, chini muhuri, na katikati ile lugha ya ofisini ambayo ukiisoma huku umekaa unajihisi umekosa adabu. Lilisema kuanzia mwezi ujao kila atakayekaa barazani usiku atatozwa ada ya matumizi ya upepo wa bahari, shilingi 20 kwa saa, watoto nusu bei. Mwenye kukaidi atazibiwa dirisha.

"Hata upepo!" Ami akasema. "Maji tumenyamaza. Stima tumenyamaza. Sasa upepo!"

Kijana mwenye simu alikuwa hoi kwa kicheko. "Ami, si kweli hiyo. Ni kejeli tu."

"Kejeli ndio nini? Ni urongo? Basi aliyeandika ni mrongo. Ni tusi? Basi katukanwa nani hapa?"

Muuza kahawa alikuwa ameshaliinamisha dele juu ya kikombe. Akaliinua tena, angoje jibu. Jibu halikuja. Kila mtu pale alijua kicheko kimetoka wapi, lakini kukieleza kilitushinda.

Swali la Ami si la Kuze peke yake. Desemba 2024 kijana mmoja, Gideon Kibet, anayejulikana mitandaoni kama Kibet Bull kwa michoro yake ya vivuli ya kumkejeli rais, alipotea Nairobi. Ndugu yake naye alikuwa amepotea. Walionekana tena wakiwa hai Januari 2025. Katika wiki zile mbili nchi iligawanyika: hawa wakisema kijana alivuka mpaka akatukana, wale wakisema alichora tu. Wachache walikaa wakauliza kile alichokichora ni kitu cha namna gani. Mimi nitajaribu, na nitamtumia mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa takriban miaka 20, akachekwa, akapendwa, na katikati ya miaka hiyo akafungwa: Wahome Mutahi, ambaye wasomaji wa magazeti ya Jumapili walimwita Whispers, yaani Minong'ono.

Tuanze na maneno, maana nusu ya ugomvi imo humo.

Uongo ni neno unalolisema ukitaka liaminiwe. Kejeli husema jambo lisilo kweli ikitaka ugundue kuwa si kweli, kisha ujiulize mbona ulikaribia kuliamini. Aliyeandika ada ya upepo hakutaka shilingi 20 ya Ami. Alitaka Ami afikie pale pale alipofikia: "Maji tumenyamaza. Stima tumenyamaza." Habari yenyewe ilikuwa ile orodha ya malipo iliyomtoka Ami mwenyewe kinywani. Upepo ulikuwa chambo.

Tusi nalo ni kitu kingine. Kumtukana mtu hakuhitaji ujue lolote kumhusu. Unaweza kumwita mbwa mtu uliyekutana naye sasa hivi kwenye foleni ya feri Likoni. Kejeli haiwezi hivyo. Inataka kitendo, na kitendo hicho sharti kijulikane na wanaosikiliza, la sivyo hakuna atakayecheka. Mwanasiasa asiyewahi kuahidi barabara huwezi kumkejeli kwa barabara.

Kinaya ni pale neno linapokwenda kaskazini na maana ikaenda kusini. Mvua imenyesha Mombasa, tuktuk imezama hadi viti, dereva anakamua kanzu yake huku akisema, "Alhamdulillahi, mheshimiwa ametuletea bahari mpaka mlangoni." Mzaha ni kicheko kisichodai kitu, umecheka, umekwisha, umeagiza kahawa nyingine. Halafu kuna neno tashtiti, ambalo limezusha mabishano zaidi ya linavyostahili: shuleni wengine tulifundishwa kuwa ni swali ambalo muulizaji analijua jibu lake, na wachambuzi wengine wa fasihi wanalitumia kwa sanaa nzima ya kukejeli maovu. Ukiona watu wawili wanalibishania, kila mmoja ana kitabu chake, nao wote wako sawa kwa vitabu vyao. Mimi hapa nitasema kejeli tu.

Na kwa kweli mama zetu wa Mombasa hawahitaji somo hili. Simama asubuhi katika duka lolote la leso Biashara Street, au mbele ya lile duka kongwe la Kaderdina lililoanza 1887, ambalo leso zake zina chapa ya Mali ya Abdulla. Tazama mteja anavyochagua. Rangi anaiangalia, pindo analishika kati ya vidole viwili, lakini mkono hautoki kwenye pochi mpaka asomewe jina. Muuzaji anaikunjua, anasoma kwa sauti: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Mteja anatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Hiyo imeshauzwa. Atakwenda nayo nyumbani, ataifua hata kama ni mpya, na kamba atakayoianikia ni ile inayoelekea dirisha la jirani.

Sasa jirani afanye nini? Jina lake halikutajwa. Akija mlangoni kuuliza, "Fulani, hiyo leso umenivalia mimi?" ameshajibu swali lake mwenyewe mbele ya mtaa. Hiyo ndiyo kinga ya leso, na ndiyo kinga ya kejeli tangu dunia iwe dunia: anayelalamika anakiri. Huko mbele utaona jinsi serikali nzima inavyoweza kunaswa na mtego wa leso.

Ninasema haya kwa sababu nimesikia mara nyingi, na hata kwa wasomi wetu, kwamba kuwacheka wakubwa ni tabia ya bara, sisi watu wa pwani ni watu wa heshima. Heshima tunayo. Lakini mshairi Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa Mombasa kati ya takriban 1776 na 1840, alikuwa akiwarushia vijembe Walamu na Waomani kwa niaba ya mji wake wakati Wamazrui, watawala wa Mombasa, wangali Fort Jesus, na kule Lamu Zahidi Mngumi akimjibu. Ilikuwa siasa ya vita na utawala, imevaa mizani na vina. Watu waliihifadhi vichwani, na ikachelewa sana kutiwa kitabuni: diwani ya Muyaka ilichapishwa 1940, miaka 100 baada yake. Hakuna anayesema Muyaka alikosa adabu. Tunamsomesha.

Wahome Mutahi alizaliwa Nyeri mwaka 1954, mbali kabisa na leso. Safu yake ya Whispers ilianza mapema miaka ya 1980 na kwa muda mrefu ilikuwa katika Sunday Nation. Aliiandika kwa Kiingereza, lakini Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, Kigikuyu na maneno ya mitaani, kile kinachosemwa na Mkenya aliyekwenda shule na bado anapanda matatu. Ndani yake kuna familia moja. Baba ni Whispers mwenyewe, aliyejipa cheo cha Mwana wa Udongo: mpenda pombe, mwoga, mwenye kujisifu kupita kiasi. Mkewe anaitwa Thatcher. Binti ni Pajero, ambaye baba humwita Kitega Uchumi kwa vile anavyoihesabu mahari yake kabla mchumba hajajitokeza. Kijana wa kiume ni Jambazi wa Nyumbani. Na yuko mama mzaa baba, Appepklonia, mcha Mungu wa kule milimani, ambaye jina lake peke yake lilitosha kumfanya msomaji atabasamu.

Hapa pana dhana moja ya kuiondoa mapema. Wako watu waliosoma safu ile miaka nenda miaka rudi wakiamini kuwa Thatcher ni picha kamili ya mke wa mwandishi, na kwamba mambo yale yalitokea sebuleni kwake. Jina lenyewe lingewatosha. Margaret Thatcher alikuwa waziri mkuu wa Uingereza tangu 1979 hadi 1990, mwanamke ambaye mawaziri wake wanaume walimwogopa. Kumpa mke wa hadithi jina hilo ni kusema kwa neno moja nani anatawala nyumba ile, hata kama mume anapiga kifua nje. Whispers wa gazetini ni mhusika. Wahome aliyemwandika alikuwa mtu mwingine, aliyekaa mezani akakata maneno na kuyapima.

Kwa nini familia? Kwa sababu ya wakati. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kisheria, Agosti mwaka huo huo pakawa na jaribio la mapinduzi, na baada ya hapo hewa ikawa nzito. Wenye umri wangu wanakumbuka taarifa ya habari redioni ilivyofunguka: "Mtukufu Rais Daniel arap Moi leo..." na kilichofuata kilitegemea Mtukufu amekwenda wapi. Mwandishi hakuweza kusema wazi kuwa kiongozi wa nchi haambiliki. Lakini nani angemkataza kusema kwamba baba mmoja mlevi haambiliki nyumbani kwake?

Nitoe mfano wangu mwenyewe, nisimwibie marehemu. Chukulia mzee mmoja wa Kisauni. Usiku mmoja anatangaza mezani kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa rimoti ya televisheni, na kwa kuwa nyumba yake ni ya kidemokrasia, patafanyika uchaguzi. Hakuna haja ya karatasi za kura. Anayemtaka baba apange mstari nyuma ya baba, anayemtaka mama apange nyuma ya mama. Watoto watano wanakwenda nyuma ya mama. Msichana wa kazi anakwenda nyuma ya mama. Paka, baada ya kufikiri, anakwenda nyuma ya mama. Nyuma ya baba yuko mdogo wake aliyekuja kukopa pesa. Baba anatazama mistari yote miwili, anakohoa, anatangaza kwamba mstari wake ndio mrefu zaidi, na anamshukuru mama kwa kukubali matokeo.

Kijana wa leo atacheka kwa sababu ya paka. Msomaji aliyekuwepo 1988 atacheka kidogo tu, kisha atatazama nyuma kama kuna mtu. Mwaka ule Wakenya walipiga kura ya mlolongo, kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao, na katika sehemu nyingi aliyekuwa na foleni fupi alitangazwa mshindi mchana kweupe. Katika habari ya mzee wa Kisauni hamna chama, hamna rais, hamna kituo cha kupigia kura. Afisa atakayekuja kusema, "Hii inatusema sisi," itambidi kwanza aseme ni kwa nini rimoti ikamkumbusha uchaguzi. Ameshashika leso ya jirani.

Mfano huu unaonyesha pia udhaifu wa kejeli, ambao wapenzi wake hawapendi kuuzungumza. Huchacha upesi. Ondoa 1988 kichwani mwa msomaji, na kilichobaki ni mzee na rimoti. Ndiyo maana ukizifungua safu za zamani leo utaona nyingine zinakupita. Kilichokuwa kimefumbwa hukijui tena. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, lakini hata mwerevu anahitaji kuwa alikuwepo.

Kuna jambo jingine katika ufundi wa Wahome ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote. Alianza kujicheka mwenyewe. Mhubiri husimama juu ya mimbari akatuonyesha kidole. Whispers alikuwa chini pamoja nasi, shati limetoka nje, amechelewa kurudi na anatafuta uongo wa kumwambia Thatcher. Ukimcheka unajiona salama. Aya mbili baadaye unagundua kwamba na wewe ulimpa askari wa barabarani kitu kidogo juzi ili uwahi nyumbani. Mtu aliyekwisha kujitia kwenye sufuria huwezi kumshtaki kwa kutaka kukupika.

Huku kwetu kuna kitu kinachokaribia hilo: utani. Mtani wako anaweza kukuingilia hata msibani akakuambia maneno ambayo mwingine angeyasema angetolewa nje, na wewe ukacheka huku machozi yanatiririka. Lakini mtani amepewa ruhusa na mila. Mwandishi wa gazeti ruhusa yake huipata kwa msomaji, wiki kwa wiki, na dola haikutia sahihi.

Haikutia. Mwaka 1986 serikali ilianza msako wa watu waliodaiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga. Walimu, wanafunzi, wakulima, waandishi walizolewa. Wahome alikamatwa pamoja na ndugu yake, Njuguna. Walishikiliwa Nyayo House, jengo la Nairobi ambalo juu lilikuwa la ofisi na chini lilikuwa na vyumba vya mateso, kisha wakashtakiwa kwa mambo ya uchochezi. Wahome alifungwa miezi 15.

Kwa hiyo ile kauli inayorudiwarudiwa kwamba "alifungwa kwa kuchekesha" si sahihi. Hakuna hakimu aliyesoma safu ya Whispers mahakamani akamhukumu kwayo. Mtego wa leso ulifanya kazi yake: kumshitaki mtu kwa Appepklonia ni kukiri. Alikamatwa kwa jina la kitu kingine. Wala simaanishi kwamba maandishi yake hayakuhusika na jicho aliloangaliwa. Nasema tu shtaka halikuwa kicheko, na ni muhimu kulijua hilo, maana wanaoogopa kukejeliwa mara chache husema ndicho wanachokiogopa. Ndugu wawili 1986, ndugu wawili 2024. Sisemi zaidi.

Alipotoka akarudi kwenye safu yake. Lakini vitabu vilivyofuata si vya kicheko, na hapa msomaji mgeni huchanganyikiwa. Anasikia mcheshi mkubwa wa Kenya, ananunua Three Days on the Cross, riwaya ya 1991, anajikuta amefungiwa na watu wawili, Momodu na Chipota, wanaoteswa na polisi wa siri katika nchi isiyotajwa jina, inayotawaliwa na mtu anayeitwa Mtukuka. Majina yao si ya Kenya. Ramani si ya Kenya. Kila Mkenya aliyekisoma alijua yuko wapi. Ni leso ile ile, ila safari hii imeloa damu. Mwaka mmoja baadaye kikatoka Jail Bugs, cha maisha ya gerezani. Mimi ninaona hivi: katika safu alinong'ona, katika riwaya alipiga ukelele, na mtu ambaye hangeweza kufanya la pili nadhani asingeliweza lile la kwanza kwa muda mrefu kiasi kile.

Sisi wa Mombasa tunao mwenzake. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika 1968 waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akafungwa miaka mitatu, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakatoka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Yeye si mcheshi, na simtii kwenye kapu hilo. Lakini diwani yake ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, na riwaya ya Wahome nayo ikapewa tuzo hiyo hiyo. Tuzo yenye jina la rais wa kwanza, kwa mfungwa wa rais wa kwanza na mfungwa wa rais wa pili. Ukitaka kumweleza mtoto kinaya ni nini, hapo hapo panatosha.

Anayetaka kucheka aanze na How to Be a Kenyan, cha 1996. Ni kijitabu cha namna tunavyoishi: tunavyosalimiana, tunavyochelewa, tunavyoendesha magari, tunavyohonga. Nakiri sehemu zake zinazocheka makabila zimenichosha. Utani wa mpwani mvivu chini ya mnazi nimeusikia tangu utotoni, nao mara nyingi hutoka kwa aliyekuja kununua mnazi pamoja na shamba lake. Kejeli ikiinama kumpiga aliye chini inakuwa kitu kingine, hata kama mwenye kuiandika ni hodari. Kwa watoto aliandika hadithi kama Hassan the Genie, na 1999 akatoa Doomsday, riwaya iliyozaliwa na bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998.

Halafu akaingia baa. Miaka ya 1990 alianza kuandika na kuigiza michezo kwa Kigikuyu, na jukwaa lake lilikuwa vilabuni, kati ya meza na chupa, badala ya kumbi za tamthilia ambako tiketi hununuliwa na walewale. Mmoja uliitwa Mugaathe Mubogothi. Neno mugaathe ndilo "mtukufu" lile la redioni, na mubogothi ni mtu anayepayukapayuka. Mtukufu Mpayukaji. Mwingine, Igoti ria Muingi, ni mahakama ya umma. Hapo leso imevuliwa nusu: cheo kimetajwa, jina bado. Kuelekea mwisho wa miaka ile vijana watatu wa Redykyulass walikwenda hatua moja mbele, wakaiga sauti na fimbo ya rais kwenye televisheni naye yungali Ikulu. Mwaka 2009 vikaragosi vya The XYZ Show, vya mchoraji Gado, Mtanzania aliyefanya kazi Nairobi, vikawaleta viongozi wenyewe wakiwa na pua za mpira. Katika miaka chini ya 30 tulitoka kwa baba asiyetajwa jina mpaka sura kamili ya mheshimiwa.

Wahome hakukiona kizazi cha vikaragosi. Machi 2003, miezi michache tu baada ya utawala wa Moi kumalizika, alifanyiwa upasuaji mdogo wa kuondoa uvimbe, akapoteza fahamu. Alikaa hivyo siku 137, akafariki 22 Julai. Alikuwa na miaka 48. Tangu 2006 wachapishaji wa Kenya wana tuzo ya fasihi yenye jina lake.

Na sheria? Tuipitie haraka. Kosa la uchochezi lililotumika kuwafunga watu wa miaka ya 1980 lilifutwa 1997. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, ila haikingi uchochezi wa vurugu wala maneno ya chuki, na inakutaka uheshimu jina la mwenzako. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliondoa makosa mawili: Februari, lile la kumfunga mtu kwa kumchafulia mwingine jina, na Aprili, lile la kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Kudaiwa fidia kwa kumharibia mtu jina bado kupo. Na Bunge lilipopitisha sheria ya makosa ya kompyuta 2018, lilitia humo makosa ya kuchapisha habari za uongo, na hapo swali la Ami likatoka barazani likaingia mahakamani. Kejeli, ukiipima kwa mizani ya uongo na kweli peke yake, ni uongo. Hakuna ada ya upepo.

Ugumu umeongezwa na simu. Safu ya Whispers ilikuwa na nyumba yake: ukurasa ule ule, Jumapili ile ile, jina lile lile juu. Hakuna aliyeifungua akidhani ni taarifa ya habari. Tangazo la upepo lilizaliwa pengine mahali ambapo kila mtu anajua ni pa kuchekea, likapigwa picha, likatumwa, likatumwa tena, na lilipofika Kuze lilikuwa limevuliwa kila kitu isipokuwa nembo na muhuri. Ami hakuwa mjinga. Aliletewa fumbo bila mfumbaji. Kwa hiyo ukipokea kitu cha aina hiyo, kabla hujacheka au kukasirika, tafuta kilitoka wapi na kinamcheka nani. Kama kinamdhalilisha mtu kwa maumbile yake, au kimetengenezwa uamini kuwa mwanamke fulani alifanya asilolifanya, hiyo si kejeli hata mwenyewe akiapa. Kejeli humshika mtu kwa alichokifanya, na hufurahi ukiigundua.

Haya yote nilimwambia Ami siku ya pili, kwa urefu kuliko hivi, nikaleta na leso na Muyaka. Alisikiliza bila kunikatiza, anatafuna kashata. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu: wenye feni watalipaje, maana huo wao si upepo wa bahari.

Kisha akamwomba yule kijana amwonyeshe jinsi ya kutuma. Tangazo likaenda kwa kaka yake Malindi, halina neno juu yake, nembo na muhuri tu. Hazikupita dakika tano simu ikalia. Hata bila spika tulimsikia yule mzee wa Malindi akifoka, hata upepo, hata upepo. Ami akaiweka simu juu ya paja, akamnyooshea muuza kahawa kikombe, akamwacha kaka yake achemke.